Somo la Kiingereza Mkoani Singida: Kutoka Shule za Misheni hadi Mtaala wa 2023

Somo la Kiingereza katika shule za Singida lina umri wa takriban miaka 100. Lilianza kama somo la vijana wachache waliovuka mchujo wa darasa la nne, na leo ni somo la kila mtoto anayeandikishwa shule. Katika muda huo vitabu na mbinu za kufundishia vimebadilika, lakini jambo lililoamua zaidi hatima ya wanafunzi ni jingine: darasa ambalo Kiingereza kinaanzia, na darasa ambalo kinaacha kuwa somo na kugeuka lugha ya masomo yote. Mipaka hiyo miwili imehamishwa mara kadhaa, na kila ilipohamishwa ilibadilisha idadi ya waliofika mbele na waliobaki njiani.

Singida ni mahali penye lugha nyingi. Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu na Wagogo wa Manyoni wanasema lugha za Kibantu. Wabarabaig, ambao majirani zao huwaita Wamang'ati, wana lugha ya Kiniloti. Katika wilaya ya Mkalama wanaishi Wahadza, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mtoto wa kijijini alijifunza lugha ya nyumbani kwanza, akakutana na Kiswahili shuleni, kisha ndipo akafikia Kiingereza. Kwake Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu.

Utawala wa Kijerumani, uliokuwa na maboma Kilimatinde na Mkalama, uliendesha shughuli zake nyingi kwa Kiswahili, na Kijerumani hakikupata mizizi. Wamisionari wa Kiluteri wa Leipzig walifika Iramba na kufungua kituo Ruruma kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Shule za wakati huo zilikuwa za kusoma, kuandika, kuimba na mafundisho ya dini.

Waingereza waliunda Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1920. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata serikali ya London ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika ya kitropiki. Msimamo ulikuwa kwamba mtoto aanze kwa lugha za Kiafrika na Kiingereza kifuate baadaye kwa wale watakaoendelea. Tanganyika ilitekeleza msimamo huo kwa kutumia Kiswahili katika madarasa ya chini. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliimarisha utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni zilizokidhi masharti ya serikali, na kwa njia hiyo shule ya dini ikaanza kufuata muhtasari wa serikali.

Singida wakati huo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati, lenye makao makuu Dodoma. Elimu yake iligawanywa kati ya shule za mamlaka za wenyeji, misheni za Kikatoliki na Waluteri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi ya Leipzig huko Iramba ilichukuliwa na Waluteri wa Augustana kutoka Marekani. Hivyo wanafunzi wa Iramba, tofauti na wa maeneo mengi ya Tanganyika, walikisikia Kiingereza kwanza kutoka vinywani mwa Wamarekani, huku mitihani yao ikitungwa na Waingereza. Misheni hiyo ndiyo iliyoanzisha mafunzo ya ualimu Kinampanda, na kwa miongo mingi chuo hicho kimetoa walimu wa shule za msingi wa mkoa huo na wa mikoa ya jirani.

Ngazi za shule za kikoloni zilikuwa kali. Darasa la nne lilikuwa na mtihani wa mchujo, na wengi walirudi nyumbani wakiwa na Kiswahili cha kusoma na kuandika tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya mpango wa maendeleo wa miaka 10 ulioanza 1947, zilienea shule za kati za darasa la tano hadi la nane. Hapo ndipo Kiingereza kilipokolea, hadi kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu. Kilifundishwa kwa imla, kusoma kwa sauti, kukariri maumbo ya vitenzi na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Vitabu vya kusomea vya namna hiyo viliongozwa na fikra za watu kama Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi Bengal. Yeye alitaka kila hadithi ilete maneno mapya machache na kuyarudia mpaka yazoeleke. Mpango huo ulimfaa mwalimu ambaye naye alikuwa amejifunza lugha hiyo darasani, kwa sababu kitabu kilimwongoza hatua kwa hatua.

Aliyefaulu darasa la nane aliendelea na sekondari, na kwa vijana wa ukanda wa kati hilo mara nyingi lilimaanisha kusafiri kwenda bweni la mbali. Mwisho wa safari ulikuwa cheti cha Cambridge baada ya darasa la kumi na mbili. Fasihi iliyotahiniwa ilikuwa ya Uingereza, na Shakespeare alikuwa na nafasi ya heshima. Uzito wake unaonekana katika kazi ya mtu aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu, alitafsiri Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963 akiwa Rais, kisha akatoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Uhuru ulileta upungufu mkubwa wa walimu wa sekondari. Kuanzia 1961, mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki uliwaleta vijana wa Kimarekani na Kiingereza, na baadaye wakaja wa Peace Corps. Singida ilifanywa mkoa mwaka 1963. Lakini badiliko lililoigusa kila shule lilikuja mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, kutoka darasa la kwanza hadi la saba. Kiingereza kikabaki kipindi kimoja kati ya vingi. Mwaka 1969 sheria ya elimu iliziweka shule za misheni zilizopata ruzuku chini ya serikali, na Kinampanda ikaingia katika mfumo wa vyuo vya taifa.

Uamuzi wa kufundishia kwa Kiswahili uliwafaidisha watoto kwa jambo moja kubwa: walielewa walichofundishwa. Upande wa pili, mpaka wa lugha ulijikusanya mahali pamoja, kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Zamani mwanafunzi alihamia Kiingereza taratibu ndani ya shule ya kati. Sasa alimaliza miaka saba kwa Kiswahili, akapumzika miezi michache, kisha akakuta biolojia, historia na jiografia zote kwa lugha aliyoijua kidogo. Elimu ya msingi kwa wote, iliyotangazwa 1974 na kuanza kutekelezwa 1977, ilijaza madarasa kuliko walimu waliokuwapo. Wengi wa walimu walioajiriwa kuziba pengo walikuwa wamemaliza darasa la saba na kupata mafunzo mafupi wakiwa kazini. Walifanya kazi kubwa ya kufuta ujinga, ila Kiingereza chao kilikuwa kile cha kitabu walichokishika mkononi.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kuwa lugha ya kufundishia hadi sekondari na vyuo. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima uwezo wa wanafunzi nchini na kukuta kuwa wachache tu walimudu masomo kwa Kiingereza. Hata hivyo hawakushauri lugha ibadilishwe. Kilichofuata ni mradi wa kuimarisha Kiingereza uliogharimiwa na Uingereza, uliofanya kazi tangu 1987 hadi katikati ya miaka ya 1990. Mradi huo ulisisitiza usomaji wa ziada: hadithi fupi fupi kwa lugha nyepesi, zisomwe kwa wingi na kwa raha. Vitabu vilivyodumu zaidi katika kumbukumbu za wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili ni vya Richard Mabala, mwalimu mzaliwa wa Uingereza aliyechukua uraia wa Tanzania: Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver. Sentensi zake ni fupi, na wahusika ni watu ambao mwanafunzi wa Singida angeweza kukutana nao stendi.

Fasihi ya madarasa ya juu ilikuwa imeshageuka kabla ya hapo. Mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika wa Heinemann ulianza 1962, na mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai Chuo Kikuu cha Nairobi kiiweke fasihi ya Afrika katikati. Mjadala kama huo uliendelea Dar es Salaam. Tanzania ilipojitoa katika mitihani ya Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Baraza la Mitihani la Taifa mwaka 1973, orodha ya vitabu ikawa mikononi mwa Watanzania wenyewe. Achebe, Soyinka, Ngũgĩ, Okot p'Bitek na Ferdinand Oyono wakaingia darasani.

Katika orodha zilizotumika tangu miaka ya 2000, kitabu kimoja kinaigusa Singida kwa karibu mno. Unanswered Cries, riwaya ya Osman Conteh wa Sierra Leone, inamhusu msichana Olabisi anayekwenda kijijini kwa mama yake na kukabiliwa na ukeketaji, hadi shauri linafika mahakamani. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa takriban asilimia 31 ya wanawake wa Singida wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Mkoani humo desturi hiyo imewahi kuhalalishwa kama tiba ya lawalawa, jina linalotumika kwa maradhi ya sehemu za siri, na imeendelea kwa siri baada ya sheria ya 1998 kuifanya kosa kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi aeleze migogoro na dhamira za riwaya hiyo linamfanya aandike juu ya jambo ambalo nyumbani halitajwi mbele ya wakubwa. Hapo fasihi ya Kiingereza inafanya kazi ambayo tamthiliya za Shakespeare hazikuweza kuifanya katika mazingira hayo.

Tatizo ni kwamba wengi hawaisomi riwaya yenyewe. Shule nyingi zina nakala chache, na mtihani wa kidato cha nne unadai mifano kutoka katika vitabu viwili. Soko likajibu kwa vijitabu vya uchambuzi vinavyoorodhesha wahusika, dhamira na ujumbe. Mwanafunzi hukariri pointi na kuzipanga kwa utangulizi na hitimisho, na anaweza kufaulu bila kufungua ukurasa wa kwanza wa hadithi.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulieneza shule za kata, na kwa mara ya kwanza sekondari ikawa ndani ya mwendo wa miguu kwa vijiji vingi vya mkoa. Ufundishaji ukajitengenezea desturi: mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, hueleza kwa Kiswahili, wanafunzi hunakili kwenye madaftari. Kozi ya mwanzo ya kidato cha kwanza, midahalo na hotuba za asubuhi mstarini vilikusudiwa kuziba pengo. Katika mtihani wa darasa la saba, ambao mwaka 2012 ulifanywa wa kuchagua majibu tu, mtoto aliweza kupata alama za Kiingereza bila kuandika sentensi hata moja. Mwaka huohuo, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini walipata sifuri katika matokeo ya awali, kabla serikali haijaagiza alama zipangwe upya.

Wanaofika kidato cha tano na kuchukua tahasusi kama HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza), katika shule kama Mwenge ya mjini Singida, hukutana na somo lenye sura mbili. Karatasi moja ni ya lugha: fonolojia, mofolojia, maana na matumizi. Nyingine ni ya fasihi: riwaya, tamthiliya na ushairi. Kutoka hapo wengine huenda vyuoni kusomea ualimu na kurudi kufundisha.

Mpaka wa mwanzo haujatulia. Mtaala wa 2005 ulianzisha Kiingereza darasa la kwanza, ule wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa mwaka 2015 ukakirudisha darasa la tatu, na mtaala uliotangazwa 2023, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umekirejesha darasa la kwanza. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mchujo uliowaacha wengi nje ya Kiingereza tangu enzi za darasa la nne utaondoka, na kila mtoto wa Singida atavuka kwenda kwenye masomo ya Kiingereza, awe tayari au asiwe. Mafanikio ya mpango huo yatategemea zaidi mwalimu wa darasa la kwanza hadi la sita kuliko yule wa sekondari. Na mwalimu huyo, tangu Kinampanda ilipoanza, ndiye aliyepewa muda mfupi zaidi wa kujifunza lugha anayotakiwa kuifundisha.