Mlolongo na Ngazi: Kanuni za Kupiga Kura Zilivyotumika Walukuba, Jinja

Nyumba za Walukuba zilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi wa Jinja, mji wa viwanda uliokua kando ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Wakazi wake walitoka makabila mengi. Baada ya NRM kutwaa madaraka mwaka 1986, wao, kama raia wengine wa Uganda, walichagua kamati za RC zenye watu tisa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea.

Lawama dhidi ya mlolongo zinajulikana: mwenye nyumba humwona mpangaji wake amesimama wapi. Kenya iliyaonja hayo mwaka 1988. Kihisabati, hata hivyo, kasoro iko kwingine. Mwaka 1952 Kenneth May alithibitisha kwamba, wagombea wakiwa wawili, kanuni ya wingi wa kura ndiyo pekee inayowatendea sawa wapiga kura wote, inayowatendea sawa wagombea wote, na inayoitikia kila kura inayoongezeka. Sharti la kwanza wataalamu huliita kutojulikana kwa mpiga kura, jina linalopotosha, kwani halihusu siri hata kidogo. "Usawa wa kura" lingefaa zaidi. Linadai tu kwamba watu wawili wakibadilishana kura, matokeo yabaki yale yale. Mlolongo mmoja, mchana kweupe, hulitimiza.

Huvunjika kwenye ngazi. Kamati za vijiji ziliunda baraza la muluka, na hivyo hivyo kupanda gombolola, saza na wilaya. Chukua vijiji vitatu vyenye watu 100 kila kimoja. Upande mmoja ukipata 51 katika viwili na usipate hata mmoja katika cha tatu, una wafuasi 102 dhidi ya 198, lakini unashika kamati mbili, yaani wajumbe 18 kati ya 27. Wafuasi wake wawili wa kijiji cha kwanza wakibadilishana kura na wapinzani wawili wa kijiji cha tatu, jumla haibadiliki, mshindi hubadilika.

Baraza la taifa la NRC lilipanuliwa mwaka 1989 kwa njia hiyo ya ngazi. Wajumbe wengi wa Bunge la Katiba la mwaka 1994 walichaguliwa moja kwa moja, kwa siri. Chini, ngazi zilibaki: mlolongo wa LC1 uliporejea Julai 2018, kwa mara ya kwanza tangu 2001, wapiga kura wa LC2 walikuwa kamati za vijiji. Hivyo mpaka kati ya kijiji na kijiji unaweza kuamua nani ataongoza muluka, hata kama hakuna mkazi aliyebadili msimamo.