Gari la Kipisi katika Bonde la Kilombero

Historia ya reli ya TAZARA aghalabu husimuliwa toka miisho yake miwili, yaani bandari ya Dar es Salaam na shaba ya Zambia. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita mikononi mwao. Mapatano yakatiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967, Uchina ikatoa mkopo usio na riba, na mwezi wa Julai 1976 njia yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa serikali mbili. Hayo yajulikana. Wenyeji wa Kilombero, hata hivyo, waliipa reli hiyo kazi nyingine, na ushahidi wa kazi hiyo umo katika neno moja dogo.

Ikitoka Kidatu, njia hufuata miguu ya Milima ya Udzungwa, ikapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, bonde la mpunga likiwa upande wa kushoto. Baada ya Mlimba huanza kupanda. Sakafu ya bonde ni kiasi cha mita 300 juu ya bahari. Makambako imepita mita 1,600. Hapo ndipo wajenzi walipotaabika kuliko popote: kati ya mahandaki 22 ya reli nzima, 18 yamo katika sehemu hiyo. Uchindile ni stesheni ya huko mlimani.

Tofauti hiyo ya kimo ndiyo iliyozaa biashara. Bondeni hustawi mpunga na ndizi, na mto hutoa samaki. Nyanda za juu hutoa maharage na viazi. Katika miaka ya 1970 vijiji vya Ujamaa viliwekwa kandokando ya reli, na watu wakajikuta jirani na stesheni, mbali na barabara nzuri. Mwenye gunia moja la mchele hakuwa na haja ya behewa zima, wala ya safari ya Zambia. Alitaka kupanda alfajiri, kushuka stesheni ya nne au ya tano, kuuza, na kurudi.

Gari lililotimiza haja hiyo lilikwenda kati ya Kidatu na Makambako tu, na watu wakaliita Kipisi. Shina la neno ni la Kiingereza, lenye maana ya kipande, lakini Kiswahili kimekwisha kulivika kiambishi chake, kama katika kipisi cha sigara. Jina lafaa kwa namna mbili: gari lenyewe lilikuwa fupi, na safari yake ilikuwa kipande tu cha njia ndefu. Viongozi waliiita njia hiyo Reli ya Uhuru, jina la taifa na la bara. Abiria walitaja kile walichokiona kikisimama mbele yao. (Dar es Salaam, magari ya abiria wa mjini yalipoanza Oktoba 2012, moja lilipewa na watu jina la waziri, Mwakyembe. Mji humtazama mkubwa.)

Pale inapogeuka kuwa ya jirani, reli huanza kudaiwa kwa lugha ya ujirani. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, asimulia jinsi wazee wa vijijini walivyowaita waandishi wa habari mwaka 2000, ili kupinga kupunguzwa kwa huduma na kufungwa kwa stesheni ndogo. Wakubwa wa reli walihesabu gharama, na hesabu hiyo haikuwa ya uongo: stesheni inayopakia mikungu ya ndizi hailipi kama tani za shaba. Wazee hawakubishana na tarakimu. Walisema kwamba wao walishiriki kuijenga reli na kuilinda, na kwamba waliahidiwa faida yake. Katika hoja hiyo shaba ya Zambia haikuwa na nafasi. Stesheni ilikuwa yao kama kisima cha kijiji kilivyo cha waliokichimba.