Stima ya Kejani Kwako Ilianza na Sumaku Chini ya Olkaria

Msee, unaijua ile transfoma inanguruma kwa nguzo huko Kayole? Ndani kuna koili mbili za waya, stima haitoki moja kwenda nyingine kwa kugusana. Sumaku ya koili ya kwanza inabadilika-badilika, na ya pili inaanza kupitisha stima. Hiyo ndiyo induksheni, na dunia yenyewe inafanya hivyo pia.

Radi zinazopiga huku na kule, pamoja na upepo wa jua, hutikisa sumaku ya dunia mchana na usiku. Huo mtikisiko ukiingia ardhini unaamsha mikondo midogo ya stima kwa mawe. Mtikisiko wa haraka unaishia juujuu, wa polepole unashuka kilomita nyingi. Maji ya chumvi na udongo wa mfinyanzi uliopikwa na joto hupitisha stima fiti. Jiwe kavu linakataa.

Sasa cheki Olkaria, kule Naivasha. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1981, megawati 15, na leo mvuke wa Bonde la Ufa unatoa zaidi ya thuluthi moja ya stima ya Kenya. Kutafuta mvuke, wataalamu huzika koili za kupima sumaku na vipimo vya stima, wanaziacha zirekodi usiku kucha. Njia hii inaitwa magnetoteluriki. Umoja haingewezekana: nyaya zetu zina kelele ya hezi 50 inayofunika kila kitu.

Kisha kompyuta inabuni modeli ya mawe, inapiga hesabu ya stima ambayo ingetokea, inalinganisha na vipimo. Zikikataana, inarekebisha na kurudia, mara kibao. Ngori ni kwamba modeli mbili tofauti zinaweza kulingana na vipimo vilevile. Tena udongo unaweza kuwa ulipikwa kitambo na moto ukapoa. Ndio maana wanaangalia pia gesi na mitetemo, juu kisima kinashuka kilomita 2 hadi 3 na kinakula mamilioni ya dola. Ukikosea, umenunua shimo baridi.

Mbali zaidi, chombo cha Galileo kilipita karibu na Europa, mwezi wa Jupita, kikakuta sumaku yake inaitikia mzunguko wa Jupita kila saa 11 hivi. Barafu tupu haiwezi hiyo. Wanasayansi wengi wanasema chini kuna bahari ya chumvi. Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kimebeba kipimo cha sumaku kikapime kina chake.