Muuaji Asiyekubali Kufa

Tarehe 31 Oktoba sisi Walutheri huadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Huko Marekani jioni hiyo huitwa Halloween, na watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Mwaka 1978 mwongozaji John Carpenter alitengeneza filamu ya kutisha yenye jina hilo, kwa gharama ya dola kama 300,000 tu. Michael Myers, mtu aliyevaa kinyago, anaua vijana kwa kisu. Mwishoni anapigwa risasi na kuanguka kutoka ghorofani. Watu wanapotazama chini, mwili haupo.

Filamu hiyo ilirudisha mamilioni ya dola, na wengine wakafuata njia yake. Mwaka 1980 ilitoka Friday the 13th. Humo muuaji ni mama anayelipiza kisasi cha mwanawe Jason, anayesemekana kufa maji kambini. Mama anauawa, na hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1981 Jason mwenyewe akatokea, mtu mzima, akiua kwa ajili ya mama yake. Filamu ya nne, ya mwaka 1984, ilitangazwa kuwa sura ya mwisho. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine. Mwaka 1986 radi ikapiga kaburini, Jason akainuka. Mwaka 1993 neno "mwisho" likawekwa tena katika jina la filamu, na kufikia mwaka 2001 Jason alikuwa akiua ndani ya chombo cha anga.

Myers naye aliteketea kwa moto mwaka 1981. Mwaka 1982 watayarishaji walijaribu hadithi mpya isiyomhusu. Watazamaji wengi hawakuridhika, na mwaka 1988 akarudishwa. Mwaka 1998 alikatwa kichwa. Mwaka 2002 tukaambiwa aliyekatwa alikuwa mtu mwingine aliyevishwa kinyago chake. Kufikia mwaka 2022 mfululizo huo ulikuwa na filamu 13.

Sababu haikufichika. Filamu hizi zilikuwa za gharama ndogo, na kwa kuwa uso umefunikwa, mwigizaji mmoja akiondoka huwekwa mwingine. Hofu ikishakuwa bidhaa, mwenye duka hataki iishe.

Hata hivyo tusizicheke upesi. Zinasema jambo tunalolijua: uovu uliozikwa hurudi. Tumeketi na ndugu waliogombania shamba, wakapeana mikono mbele ya wazee wa Kanisa, na baada ya muda ugomvi ule ule ukarudi, safari hii kwa watoto wao. Luther naye hakujidanganya. Katika Katekisimo Ndogo alifundisha kwamba mtu wa kale ndani yetu lazima azamishwe kila siku kwa toba. Asingesema kila siku kama kuzamishwa mara moja kungetosha.

Basi tofauti iko wapi? Nasi Wakristo tuna habari ya mahali palipotazamwa, mwili usionekane. Lakini Jason hufufuka na chuki ile ile na panga lile lile. Amerudi, ila hakuna kilichofanywa kipya. Yesu alitoka kaburini akiwa na alama za misumari, akawaendea wanafunzi waliokuwa wamemkimbia. Ikiwa kuna aliyekuwa na haki ya kulipiza kisasi, ni yeye. Lakini aliwapa amani.

Kwa hiyo vijana wetu wakitazama filamu hizi, tusiishie kuwakemea. Tuwaulize: huyu aliyefufuka, amerudi kufanya nini? Kisha tujiulize sisi wenyewe kuhusu kesi zetu za zamani, zile tunazozifukua kila ukoo unapokutana. Kisasi hakijui kuandika sura ya mwisho. Msamaha unajua, kwa sababu gharama yake imekwisha kulipwa msalabani, na hakuna anayetuuzia.