Kahiu, Wanuri

Wanuri Kahiu (alizaliwa Nairobi, 21 Juni 1980) ni mwandishi, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu na tamthilia za televisheni kutoka Kenya. Anajulikana zaidi kwa Pumzi (2009), filamu fupi ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa bunilizi ya kisayansi ya kwanza kutengenezwa na Mkenya, na kwa Rafiki (2018), filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Makala haya yanakaa zaidi kwenye kazi zake zinazobuni wakati ujao. Ndizo zinazomgusa kwa karibu msomaji wa Arusha na wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kwa sababu Kahiu alipotaka kuonyesha kesho ya Afrika Mashariki alianza na maji.

Maisha na kazi za mwanzo

Mama yake ni daktari na baba yake mfanyabiashara. Alisoma sayansi ya uongozi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, akahitimu mwaka 2001, kisha akavuka kwenda Los Angeles kuchukua shahada ya uzamili ya filamu katika Chuo Kikuu cha California. Aliporudi Nairobi aliandika na kuongoza From a Whisper, filamu inayotokana na shambulio la bomu la 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, siku ileile Dar es Salaam nayo iliposhambuliwa. Mwaka 2009 filamu hiyo ilipata tuzo 5 za African Movie Academy, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Hapakuwa na chombo cha angani wala mashine ya ajabu ndani yake. Ila swali lake, kwamba walionusurika wanaishije baada ya dunia yao kuvunjika, ndilo alilolipeleka mbele kwenye Pumzi.

Pumzi

Wazo lilimjia kutokana na jambo la kila siku: kununua maji ya chupa. Ikiwa tumekwisha kubali kulipia maji, alijiuliza, ni dunia ya namna gani itakayotulazimisha kulipia hewa? Jina la filamu likapatikana hapo.

Filamu ina urefu wa dakika 21 hivi. Miaka 35 imepita tangu Vita Kuu ya Tatu ya Dunia, ambayo humo inaitwa Vita vya Maji. Watu wa jamii ya Maitu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, katika eneo la Afrika Mashariki, na nje hakuna kinachoota. Umeme unatokana na miguu na mikono ya wakazi wenyewe, wanaopangiwa zamu za kukimbia na kuvuta makasia kwenye mashine. Jasho na mkojo vinachujwa, vinarudi kuwa maji ya kunywa, na kila mtu ana mgawo wake kwenye chupa. Hata ndoto zinadhibitiwa kwa vidonge.

Asha (Kudzani Moswela) ni mtunzaji katika makumbusho ya viumbe asilia, na viumbe vyenyewe vilikwisha zamani. Siku moja anapokea kisanduku kisicho na jina la mtumaji, ndani yake mna udongo. Anaupima. Hauna mnururisho, na una unyevu mwingi kuliko inavyowezekana. Anaunusa, na papo hapo anaona mti wa kijani. Anachukua mbegu ya zamani iliyohifadhiwa kwenye makumbusho, anaichomeka katika udongo ule na kuinyunyizia maji ya mgawo wake, nayo inachipua. Baraza linamnyima kibali cha kutoka na kuamuru maabara yake ivunjwe. Anayemsaidia kutoroka ni mwanamke mfanya usafi, mtu wa chini kabisa mle ndani, ambaye hapo awali Asha alimgawia maji. Kisha ni jangwa, jua, na mwanamke mmoja aliyejifunga vitambaa, akitembea na mche mkononi. Anaupanda, anaumwagia maji yake ya mwisho pamoja na jasho lake, halafu anajilaza kuutilia kivuli kwa mwili wake.

Jina Maitu ni la Kikuyu, nalo maana yake ni mama. Filamu yenyewe inalichambua mwanzoni kuwa limetokana na maneno mawili yenye maana ya ukweli wetu. Mwaka huohuo wa 2009 Kahiu alitengeneza For Our Land, filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, mwasisi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani (1977) na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Filamu hizi mbili zinafaa kutazamwa pamoja. Kina mama wa Maathai waliokuwa wakiotesha miche kwenye makopo ndio shina la Asha, na anayewajua haoni ajabu kwamba shujaa wa hadithi ya mitambo ni mwanamke mwenye mche.

Fedha zilitoka kwenye mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features ya Marekani, Taasisi ya Goethe na mfuko wa Changamoto wa Kenya, na picha zikapigwa Afrika Kusini. Pumzi ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2010, ikapata tuzo ya filamu fupi bora katika tamasha la filamu huru la Cannes mwaka huo.

Kuitazama kutoka chini ya Meru

Arusha imezoea kamera tangu zamani. Hatari! (1962) ya Howard Hawks, akiwemo John Wayne, ilipigwa Momella na maeneo mengine ya kaskazini, na dunia nzima ikaona vifaru na twiga wakikimbizwa kwenye nchi yetu. Wenyeji walibaki pembezoni mwa hadithi. Pumzi haikupigwa Arusha wala haiitaji Arusha, lakini mtazamaji wa huku anajiona ndani yake kuliko alivyowahi kujiona kwenye Hatari!

Anayetoka Arusha kwenda Moshi akishapita Usa River hufika Maji ya Chai, mahali palipopewa jina la rangi ya maji ya mto wake. Miamba ya volkano ya Meru, mlima wa mita 4,566, inaachia floridi kwenye chemchemi na visima. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya eneo hili vinakipita, vingine kwa mbali sana. Mtoto aliyekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Floridi ikizidi mno, miguu hupinda. Kuna watu wazima huku wanaocheka huku wameziba mdomo kwa kiganja, na hilo ni zoea walilolianza darasani. Maji yenyewe yanaweza kuwa maangavu kabisa, bila harufu, na ni kipimo tu kinachosema ukweli wake. Kwa hiyo Asha anapouweka udongo kwenye mashine na kusubiri jibu, mtu wa Maji ya Chai anaijua subira ile.

Upande wa pili wa hadithi nao upo hukuhuku. Tengeru, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, mhandisi Askwar Hilonga alibuni chujio linalotumia mchanga pamoja na teknolojia ya nano, linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floridi ikiwemo. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Hoja yake kuhusu bunilizi

Kahiu ametetea mara nyingi hoja kwamba Waafrika hawakuazima bunilizi ya kisayansi kwa mtu. Ana haki. Wakikuyu wanasimulia utabiri wa Mugo wa Kibiru kuhusu nyoka wa chuma atakayekata nchi, kabla reli haijafika. Na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kurusha chombo chake angani: katika Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi, mtu aliyehukumiwa kifo anafungiwa ndani ya chombo na kujikuta kwenye sayari nyingine, ambayo jina lake likisomwa polepole ni wale ni sisi.

Hoja nyingine aliipa jina la Afrobubblegum, ambalo pia ni la kampuni yake, akaieleza kwa ulimwengu kwenye jukwaa la TED mwaka 2017. Anataka sanaa ya Kiafrika iwe pia na furaha na mchezo, na anapendekeza maswali ya kuipima kazi: je, wamo Waafrika wawili au zaidi wenye afya, wasiohitaji kuokolewa na mtu, wanaofurahia maisha? Kwa mwandishi wa makala haya, kipimo hicho ni kikali kuliko kinavyosikika. Filamu nyingi zinazotuhusu hazikivuki.

Hoja hiyo ya furaha imo pia katika Rafiki, inayotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda na inayohusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, na Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7.

Televisheni

Machi 2019 ilitangazwa kwamba Amazon ingetengeneza tamthilia kutokana na riwaya ya Wild Seed (1980) ya Octavia Butler, chini ya kampuni ya JuVee ya mwigizaji Viola Davis, na kwamba waandishi wangekuwa Kahiu na Nnedi Okorafor. Wawili hawa walilingana. Okorafor ndiye aliyeandika Binti (2015), kisa cha msichana wa Kihimba anayekwenda kusoma kwenye sayari nyingine, kilichopata tuzo za Hugo na Nebula. Wild Seed inaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, kwa Anyanwu, mwanamke mganga anayeweza kubadili umbo, na Doro, roho ya kale inayohama kutoka mwili hadi mwili. Tamthilia hiyo haijafika kwenye skrini, na ni hasara kwetu sote.

Kahiu aliendelea na filamu ya Look Both Ways (Netflix, 2022), ambamo binti mmoja anaishi maisha mawili sambamba kutokana na kipimo kimoja cha mimba. Baadaye aliongoza baadhi ya sehemu za Washington Black (Hulu, 2025), tamthilia ya sehemu 8 kutokana na riwaya ya Esi Edugyan, kuhusu mtoto mtumwa anayeondoka Barbados kwa chombo cha kuruka.

Njia aliyoipasua ina wapitaji sasa. Julai 2023 Disney+ ilionyesha Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni 10 za bunilizi ya kisayansi kutoka Afrika, wenye jina la Kiswahili. Raymond Malinga wa Uganda alileta wachunga ng'ombe wa wakati ujao. Ng'endo Mukii wa Kenya aliiita yake Enkai, jina la Mungu kwa Kimaasai, lilelile lililo ndani ya Oldoinyo Lengai, volkano iliyotimua majivu mwaka 2007 na 2008. Mtoto wa Monduli au Longido akilisikia kwenye televisheni hahitaji kutafsiriwa.