Gitaa la Pikapu Moja

Ukitaja pikapu mjini Kitui, wengi watafikiria gari la kubeba mbuzi na magunia ya ndengu. Kwa mjomba wangu ni kitu kingine: kijisanduku cheusi, kirefu kama kidole, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kunasa sauti yake. Gitaa lake lina pikapu moja tu, imebanwa karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia. Mwaka juzi ilinyamaza ghafla, nikapewa kazi ya kulipeleka gitaa Nairobi. Nusura niliharibu.

Fundi wa Luthuli Avenue alilitoa kwenye gunia, akaligeuza, akacheka. "Bosi, hii ni gitaa ama ni mwiko?" Akaniambia nikiongeza pesa kidogo atachimba shimo lingine karibu na shingo, aweke pikapu ya pili na swichi, "ikae kama gitaa za watu." Mimi nikaona hiyo ni maendeleo. Nikalipa nusu, nikampigia mjomba kumpa habari njema. Alikaa kimya mpaka nikadhani network imepotea. Halafu akauliza, "Nani amekwambia limepungukiwa?"

Hilo swali ndilo lilinifanya nianze kusoma historia ya kitu ambacho nimekiona ukutani tangu utotoni.

Kumbe gitaa la umeme lilizaliwa na pikapu moja. Lile la Rickenbacker lililoingia sokoni Marekani mwaka 1932, la aluminiamu, lililopewa jina la utani kikaango, lilikuwa na moja. ES-150 ya Gibson ya mwaka 1936 ilikuwa na moja, na kwa hiyo moja Charlie Christian aliwafundisha watu wa jazi kwamba gitaa linaweza kusimama mbele ya bendi kama tarumbeta. Mwaka 1950 Leo Fender, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa Esquire, ubao mtupu na pikapu moja karibu na daraja. Mwaka 1954 Gibson nao wakatoa Les Paul Junior kwa wanaoanza na wenye mfuko mwepesi. Ya pili iliongezwa ili mpigaji apate sauti mbili kwenye gitaa moja. Ni jambo zuri. Lakini ni nyongeza.

Yenyewe haina uchawi. Ni sumaku na waya wa shaba, mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya ule waya, unakimbia mpaka kwenye amplifaya, unatoka kwa spika ukiwa muziki. (Uzi wa nailoni hapo haufui dafu, sumaku haiusikii.) Cha muhimu ni mahali ilipokaa. Karibu na shingo uzi unacheza kwa upana, kwa hiyo sauti inatoka nene na ya mviringo. Karibu na daraja uzi unatikisika kidogo tu, na sauti inatoka kali, nyembamba, inayokata kelele za baa kama wembe. Wapigaji wengine hudai pia kwamba sumaku moja huuachia uzi uhuru zaidi kuliko mbili zinazouvuta. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya wapigaji. Mjomba anaapa ni kweli.

Huku kwetu umeme ulifika kwenye gitaa ukitokea pande kadhaa. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alipeleka gitaa la umeme Léopoldville, Kinshasa ya leo, na wanamuziki wa Kongo wakalifanya lao kabisa. Kenya, Fundi Konde wa pwani hutajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kulishika. Vijana wengi waliofuata walianza na gitaa la boksi, kidole gumba na cha shahada, na umeme ukaja baadaye.

Sasa sikiliza bendi za Ukambani za miaka ya 1970 na 1980: Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki, pamoja na Kalambya Sisters walioimba "Katelina". Zilirekodi Nairobi, santuri zao ndogo zikauzwa River Road, zikarudi nyumbani kwa basi. Kakai, aliyeimba pia kwa Kiswahili na kupendwa mbali na Ukambani, alifariki mwaka 1987. Wakati huo Makueni bado ilikuwa sehemu ya Machakos, ikaja kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Ndiyo maana mama, mzaliwa wa Wote, bado akiulizwa kwao hujibu Machakos.

Weka earphone, usisikilize sauti za waimbaji kwanza, sikiliza magitaa. Moja linashika kodi chini, taratibu, kama mtu anayetembea. Lingine liko juu kabisa, linadondoa noti za haraka zinazozunguka na kuzunguka, kila noti ikiingia kwenye nafasi iliyoachwa na wenzake. Ukilitoa hilo la juu, wimbo unabaki na mashimo. Kila gitaa lina kazi yake na haliihami mpaka wimbo uishe. Anayepiga pale juu atabadilisha sauti katikati akiwa anaenda wapi? Anataka ule ukali wa darajani, usiku kucha.

Mjomba alikuwa mtu wa pale juu. Bendi yake haikuwahi kurekodi. Ilipiga Mutomo, Kibwezi, Emali, pasipo na stima wakitumia betri ya gari. Gitaa alichongewa na seremala kutoka mti wa mukau, ule usioliwa na mchwa, shingo ikatoka kwa gitaa la boksi lililovunjika. Pikapu ilikuwa moja kwa sababu iliyopatikana ilikuwa moja. Lakini mkono wake ulikulia juu ya hiyo moja miaka zaidi ya ishirini, na mpiga ridhimu wake alijifunza kumwachia nafasi kwa kuisikia.

Asubuhi yake nilikuwa Luthuli kabla maduka hayajafunguliwa. Fundi alikuwa ameshachora mstari wa penseli karibu na shingo, drili iko kando. Nikamwambia aache ubao, atengeneze pikapu pekee. Alinung'unika, kisha akaifungua: waya ulikuwa umekatika ndani. Alitumia siku mbili kuuzungusha upya, na nusu yangu hakunirudishia, ikawa ndiyo malipo.

Nilipolifikisha, mjomba hakuuliza gharama. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu kama zamani tangu augue, kwa hiyo alichomeka waya, akagonga nyuzi wazi kwa kidole gumba, akainamisha kichwa.

"Ni yeye," akasema. "Lakini ana mafua."

Mstari wa penseli bado uko pale. Nilitaka kuufuta, akanikataza.