WATU WASIO NA MAJINA WALIOISHUSHA OPERA MTAANI

Ukitaja opera leo, wengi wanawaza matajiri waliovaa suti kwenye ukumbi wa kifahari. Lakini karne ya 19, masikini wa London ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi huo walikuwa wanapiga miluzi ya nyimbo za Verdi. Walizisikia wapi? Barabarani!

Waliozileta ni wazungusha vinanda, Waitaliano masikini waliotoka vijijini kwao kusaka maisha. London wengi walijazana Clerkenwell. Wengine hata kinanda hakikuwa chao, walikodi kwa bosi, jioni wanapeleka hesabu.

Kinanda chenyewe ndani kina gogo la mbao lililopigiliwa pini nyingi. Ukizungusha mkono wa pembeni, gogo linazunguka, pini zinafungua filimbi, na mkono huohuo unaendesha mivukuto ya kutoa upepo. Yaani mzungushaji hakuhitaji kujua noti hata moja. Opera ya Verdi iitwayo Rigoletto ilionyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851, na ule wimbo wake kuhusu wanawake vigeugeu ukaja kuwa wimbo wa kila kona.

Sio wote walifurahi. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa mwenye nyumba haki ya kumfukuza mpiga muziki mlangoni kwake.

Na watunzi je? Mkataba wa Berne wa 1886 ulisema kutengeneza na kuuza vyombo vya kupiga muziki kwa mashine sio kuiba kazi ya mtu. Jambo hilo lilikuja kubadilishwa 1908. Verdi alishafariki 1901.

Halafu ikaja santuri. Tarehe 11 Aprili 1902, kwenye chumba cha hoteli Milan, Enrico Caruso alirekodi nyimbo 10 kwa pauni 100. Kinanda kilibeba tuni tu, santuri ikabeba sauti ya mtu, na karatasi yake katikati ikabeba jina. Caruso akawa staa wa dunia.

Wale wazungushaji je? Miaka kibao walizunguka na mzigo mgongoni, mvua yao, jua lao, wakizoesha masikio ya mtaa muziki ambao santuri ilikuja kuuza. Caruso anakumbukwa mpaka leo. Wao hata majina yao hayajulikani.

Wewe unaonaje, nani hasa aliipeleka opera kwa wananchi?